Kazi ya Kukaa Mlangoni

Walipomwambia kazi yenyewe ni kukaa, Fundi alidhani anataniwa.

"Kukaa tu?"

"Kukaa mlangoni kwako, bibi, kama zamani," msimamizi alimjibu. Alikuwa kijana mpole, shati limenyooshwa likanyooka. "Cherehani yako tutaiweka pale pale. Wageni wakipita waone mtaa una uhai."

Mlango wenyewe haukuwa wake tena. Mtaa mzima ulikuwa umehamishwa ili ukarabatiwe, watu wakapelekwa kwenye maghorofa mapya nje ya mji, huyu jengo hili, yule jengo lile. Nyumba za zamani zikapakwa rangi, na chumba alichozalia wanawe wote kikawa na kiyoyozi na kitanda cha wageni. Lakini huko ghorofani Fundi alikuwa amechoka kujibizana na redio. Wanawe walikuwa mbali. Wakipiga simu huuliza, "Hujambo mama?" na kabla hajamaliza kujibu wameshashikwa na haraka. Akaikubali kazi.

Siku ya kwanza alivaa gauni lake la kutokea, akapanda basi, akakuta cherehani yake imesuguliwa inameremeta, ila imetolewa sindano.

"Kwa usalama wa wageni," msimamizi akasema.

Fundi aligeuza macho. Ng'ambo ya njia, mbele ya beseni jipya la kufulia lisilo na hata tone la maji, alikuwa ameketi Mama Mapacha.

Wanawake hao walikuwa hawajasemezana miaka chungu nzima. Zamani maji ya kufulia ya Mama Mapacha yaliwahi kufurika mferejini yakaingia kwa Fundi, yakalowesha gauni la bibi harusi lililokuwa limebakiza pindo tu. Fundi akasema neno, mwenzake akasema mawili, majirani waliokuja kuamua wakazidi kuchochea. Tangu hapo ikawa ni kununiana. Hata siku ya kuhama, vyombo vyao vikipakiwa lori moja, kila mmoja alijitia hamnazo.

Na sasa kinyozi hayupo, muuza mkaa hayupo, wale wanawake wa kisimani waliokuwa hawanyamazi hawapo. Wamebaki wao wawili, wanatazamana.

Walikaa hivyo wiki baada ya wiki. Wageni wakija, Fundi anazungusha gurudumu, kitambaa kinapita kama kilivyoingia. Mama Mapacha anakamua nguo kavu kwa nguvu zake zote, uso umekunjamana. Wageni wakiondoka, njia inakuwa kimya kiasi cha mtu kusikia kiyoyozi kikidondosha maji nyuma ya nyumba.

Siku moja msimamizi alikuja na kundi kubwa. "Hawa bibi zetu," akasema, amejaa furaha, "ni marafiki wa chanda na pete tangu utotoni."

Fundi alimtazama Mama Mapacha. Mama Mapacha aliuma mdomo, akajaribu kukohoa, ikashindikana. Kicheko kikamtoka, beseni likapinduka, na Fundi naye akacheka hadi akajifuta macho kwa kile kitambaa cha maonyesho. Wageni wakapiga picha.

Kundi lilipoondoka, Mama Mapacha akasema huku anaangalia pembeni, "Sogeza kiti. Jua linakuchoma."

Fundi akasogeza.

Basi ikawa hivyo, neno moja leo, neno moja kesho. Magoti vipi. Yanauma. Mapacha wanapiga simu? Mmoja mmoja, kwa zamu. Hakuna aliyetaja yale maji.

Halafu Mama Mapacha akaacha kuja. Kwenye beseni akakalishwa mwanamke mwingine, kijana, kajifunga kitambaa kichwani na kupakwa unga kwenye nywele za mbele zionekane na mvi.

"Na huyu ni Mama Mapacha," msimamizi aliwaambia wageni.

"Siye," Fundi akasema.

"Bibi, wageni hawajui."

"Mimi najua. Mwenyewe yuko wapi?"

"Alisema magoti, bibi. Hakuja tena."

Fundi alinyanyuka, akachukua mkoba wake, akaenda kituoni, asirudi nyuma hata alipoitwa.

Alichojua ni kwamba Mama Mapacha anakaa majengo ya upande wa tangi la maji. Aligonga milango. "Huku hatujuani, mama," walimwambia. Mwanamume mmoja alifikiri sana, akasema jengo hili halina watoto mapacha. Fundi alichoka kumweleza kuwa mapacha wenyewe sasa wana vipara. Akashuka uani, akajaza kifua, akaita kama mtu anayeita mtaani kwao:

"Mama Mapacha weee!"

Madirisha yakafunguka. Watu wakachungulia kama kumetokea ajali. Juu kabisa kikatokea kichwa cheupe.

"Nani ananipigia kelele?"

"Mimi!"

"Umefuata nini?"

"Nimekuja tugombane!"

"Basi panda. Lifti haifanyi kazi."

Alipanda, akipumzika kila ngazi zinapopinda. Alikuta chumba safi, kiti kimoja, na kitanda; akakaa kitandani. Waligombana kwelikweli, wakaanzia kwenye lile gauni la harusi wakafika hadi kwa watu waliokwisha kufa, kila mmoja akiapa mwenzake ndiye aliyeanza. Hawakukubaliana. Chai ikapoa, Mama Mapacha akaichemsha tena, ameshika ukuta.

Jua lilipopungua Fundi akaaga. Mama Mapacha alimsindikiza hadi ngazi zinapoanzia. Hapo akasimama, mkono kwenye chuma.

"Mimi mwisho wangu hapa."

"Nitakuja Jumamosi."

"Usipokuja nitajua nimekushinda."

Fundi alishuka polepole. Uani madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Kituoni alikuta watu wengi wamejipanga, na kwa mazoea akawasalimia wote kwa pamoja. Mmoja aligeuka kuangalia anayesalimiwa ni nani, kisha akarudisha uso mbele, na basi likaja.