Mbunifu Mkuu wa Firq

Mama yetu ana maradhi ya kuwasaidia watu kabla hawajaomba. Nasema kwa uchungu, na Mungu anisamehe, lakini safari hii kammaliza mdogo wangu.

Muadh alisomea uhandisi wa elektroniki, kisha akakaa miaka nyumbani hapa Nizwa, Oman, kila anapoomba kazi wanataka auze simu. Mwisho akapata kikampuni kimoja Firq, nje kidogo ya mji, katikati ya magereji, wanabuni bodi za elektroniki za kuendeshea pampu za mashamba. Mbunifu wao alikuwa Ishak, Mhindi wa Kerala, mtu mzima, mkali khasa. Akimrudishia Muadh michoro yake imejaa wino mwekundu, na mdogo wangu anarudi nyumbani anacheka peke yake.

"Dada," aliniambia, "akinivumilia kidogo tu, nitaweza kubuni bodi yangu mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho."

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Mama hakuweza kutulia. Ati vipi mwanawe awe chini ya mgeni nchini kwake? Akampigia simu binamu yake Khalifa, mkubwa serikalini, na haikupita muda ikaja amri: kazi ile apewe mwananchi. Ishak akakatiwa tiketi. Alikuja kutuaga, akampa Muadh mkono, wala hakumlaumu. Mama akamfungia halwa ya kula njiani, furaha tele. Mie niliona haya hata kumtazama yule mzee.

Muadh akapewa ofisi, kiyoyozi na jina lake mlangoni. Mwenye kampuni akamweleza waziwazi kwamba bila Ishak kampuni haithubutu kubuni kitu. Bodi zitanunuliwa tayari kutoka Uchina. Kazi ya Muadh ni kuzibandika nembo ya kampuni na kutia saini kuwa zimebuniwa hapa.

"Niache?" aliniuliza. Aache aende wapi, akauze simu?

Idi ilipofika, Mama aliagiza boksi moja la kuendeshea pampu, lenye nembo ya kampuni, akaliweka sebuleni karibu na kahawa. Shangazi yetu Ghaniya akaja kutoka Ibra na wanawe, tukamwamkia shikamoo, hajakaa vizuri Mama keshamtilia boksi mapajani.

"Hili kalibuni mwanangu. Muulize mwenyewe."

Shangazi akaligeuzageuza. "Kweli, Muadh? Umelibuni wewe?"

Ndugu yangu huyu, hata utotoni akivunja kikombe, alikuwa anakwenda kusema mwenyewe. Nilitaka aseme. Wallahi nilitaka aseme mbele ya wote, Mama afedheheke.

Muadh alimtazama Mama, alivyokaa mbele kabisa ya kiti akingoja, uso unamng'aa.

"Ndiyo, shangazi," akasema.

Shangazi akamwombea dua, naye akaitikia amina pamoja nasi. Kisha Mama akaniambia nimwongeze mdogo wangu kahawa. Nikamwongeza.