Bango la Njia ya Martil

Btissam aliliona bango Jumatatu asubuhi, akitoka kununua mkate, akasimama palepale. Lilisimama kwenye njia ya Martil, mahali ambapo mtu wa mji wa Tetouan hupita apende asipende, refu kuliko nyumba. Tangazo la sabuni ya unga. Mwanamke wa makamo, jilaba jeupe, lile joho lenye kofia, kitambaa cheupe, soksi nyeupe, kubadhi nyeupe, ameshika ncha ya shuka mbichi na anacheka mpaka magego yanaonekana. Chini yake, kwa herufi kubwa: WEUPE USIOKWISHA.

Waliolitengeneza walikuwa watu wa mbali, hilo halina ubishi. Mtoto yeyote wa mji huu angewaambia kwamba mwanamke aliyevaa nyeupe utosi hadi kisigino hauzi sabuni. Amefiwa na mume, anakaa eda. Wao waliona usafi. Mji mzima ukaona ujane usiokwisha, tena wenye meno nje.

Mjane mwenyewe alikuwa Lalla Rhimou, yaani Bibi Rhimou, jirani wa Btissam ukuta kwa ukuta. Na picha ile aliipiga Btissam.

Alikuwa mpiga picha asiye na bosi. Hakupiga harusi wala za paspoti. Alipiga vitu vya kila siku, glasi za chai, machungwa yaliyomenywa, mikono inayokanda unga, akavipandisha kwenye tovuti moja ya ng'ambo inayomuuzia picha yeyote anayezitaka, na kila ikinunuliwa moja naye alipata chochote. Kidogo kidogo, miaka minne, picha elfu sita: ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo dawa ya sukari ya mama yake. Ila uso wa mtu hauuziki bila karatasi ya ridhaa yenye saini ya mwenye uso.

Siku ya picha ile Lalla Rhimou alikuwa na mwezi mmoja tu wa eda. Btissam alimwona kutoka dirishani, yuko juu ya paa anaanika, na kidole kikabonyeza kabla akili haijauliza. Mapaa ya mji huu ni ya wanawake. Mwanamume hathubutu kuyachungulia, na wanawake wenyewe huachiana nafasi. Btissam alilijua hilo kama ajuavyo jina lake. Lakini picha ilikuwa nzuri mno, na angeomba ruhusa angekataliwa. Akaandika jina la jirani kwenye karatasi, akachovya dole gumba lake mwenyewe kwenye wino, akaligandamiza pale kwa kuwa Lalla Rhimou hakujua kusoma wala kuandika. Alijisikia vibaya kidogo. Kisha akajiambia kwamba picha hizi huishia ng'ambo, na huko nani amjue Rhimou?

Jumanne baada ya alasiri, ukuta uligongwa kutoka upande wa Lalla Rhimou.

"Btissam! Njoo, mwanangu. Njoo upesi!"

Sebuleni kwa jirani alimkuta Si Mfeddal, yaani Bwana Mfeddal, kaka wa marehemu, amesimama na simu mkononi, chai hajaigusa. Huyu ndiye aliyerithi sehemu kubwa ya nyumba, na ndiye aliyetamka mbele ya jamaa wote, siku ya arobaini, kwamba shemeji yake ataishi katika nyumba hii mpaka mwisho wa uhai wake, maadamu anailinda heshima ya ndugu yake. Tangu hapo watu wanaotafuta nyumba za kugeuza hoteli walikuwa wamempandishia dau mara mbili, naye akawa anaujutia ulimi wake.

"Huyu binti anazijua picha," Lalla Rhimou alisema. Alikaa wima, mikono imekunja jilaba magotini. "Mwambie, mwanangu. Siku hizi si wanatengeneza watu kwa kompyuta? Mwambie si mimi."

"Si wewe?" Si Mfeddal alimsogezea simu usoni. "Na hilo jino la dhahabu limetengenezwa na kompyuta? Nilikuwepo ulipolitia, na aliyelilipia ni ndugu yangu!"

"Wallahi sijasimama mbele ya kamera tangu picha ya cheti cha ndoa."

"Basi waliokupiga ni majini. Mji mzima unanicheka! Kinyozi leo ameniuliza kama shemeji yangu anatangaza na dawa ya meno."

"Si Mfeddal, mche Mungu."

"Mche wewe! Zimebaki siku ishirini umalize eda, umeshindwa kuvumilia?" Akamgeukia Btissam. "Haya, mtaalamu. Ni kompyuta?"

Btissam aliitazama simu, asimtazame jirani yake. "Inawezekana," alisema. "Siku hizi... inawezekana."

"Inawezekana!" Si Mfeddal alicheka bila furaha. "Nimewapigia simu watu wa sabuni. Wanasema waliinunua kihalali. Ipo karatasi ya ridhaa, ina jina lake na dole gumba lake. Rhimou, Ijumaa nikija nikute umefunga mizigo. Ahadi niliitoa kwa mjane, sikuitoa kwa muuza sabuni."

"Dole gumba langu?" Lalla Rhimou aliinua mkono wake, akalitazama dole lake, akaligeuza huku na huku, kana kwamba huenda lilitoka usiku likafanya mambo bila yeye kujua.

Hapo Btissam alishindwa. Angeweza kuvumilia kelele za Si Mfeddal mpaka kesho, lakini si mwanamke yule kulitilia shaka dole lake mwenyewe.

"Si lake," alisema. "Ni langu. Picha niliipiga mimi, dirishani kwangu. Hakujua. Karatasi niliighushi."

Lalla Rhimou aliushusha mkono. Si Mfeddal ndiye aliyezinduka kwanza, na hakupendezwa.

"Maneno matupu. Mnalindana. Kama ni kweli, waandikie hao wenye tovuti. Sasa hivi, hapa, nikiona."

Btissam alijua barua hiyo itamgharimu nini. Alitoa simu, akaandika kwamba ridhaa ni ya uongo, mwenye uso hakuulizwa, na picha iondolewe. Kidole kilisita juu ya kitufe. Akamfikiria mama yake. Akabonyeza.

Jibu halikuchukua hata dakika tano. Akaunti imefungwa, picha zote zimeshushwa, malipo yamezuiwa. Si Mfeddal alilisoma mara mbili, akitafuta mwanya, akaukosa.

"Haya, kaa na nyumba yako," alimwambia shemeji yake, akivuta kofia ya jilaba lake. Mlangoni akageuka. "Ila mjane wa mwezi mmoja, peke yake juu ya paa, alikuwa anachekea nini?"

Akaondoka. Btissam alipiga magoti, akaubusu mkono wa Lalla Rhimou, akaomba msamaha huku analia.

"Nionyeshe," alisema Lalla Rhimou.

Aliishika simu, akaigusa shuka kwa kidole.

"Upepo uliijaza ile shuka," alisema, "ikafura, ikawa na kitambi kama chake. Nikageuka kumwita aje aone. Nilishafungua mdomo, Btissam. Nilikuwa nimesahau. Siku zote hizi, ni mara hiyo moja tu niliyosahau kwamba amekufa."

Akamrudishia simu.

"Na hiyo ndiyo uliyoipeleka sokoni."