Kawaya Kadogo

Bijou hakuwahi kushusha ndege shambani bila kulizunguka kwanza kutoka juu, na kwa tabia hiyo watu walimtania kutoka mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi, mpaka Kinsevere. Rubani mwoga, walisema. Aliwaacha waseme. Ndege ya kupulizia dawa hupita chini sana, magurudumu karibu yaguse mahindi, na huko chini ukikosea umekwisha.

Asubuhi hiyo viwavi walikuwa wanayamaliza mahindi ya ushirika, na upepo ukianza tu, dawa ingepeperuka bure. Maman Brigitte, mwenyekiti wa ushirika, alimsubiri mwishoni mwa shamba na redio ya mkononi.

"Bijou, shuka basi! Upepo iko inakuja!"

"Nazunguka kwanza, Maman."

Chini aliona umati unacheza! Viuno, mabega, vitenge hewani. Kwa ngurumo ya injini hakusikia kitu, lakini alijua muziki upo. Watu wa Lubumbashi hawachezi hivyo bila muziki, na jenereta la umeme hakuliona popote.

"Maman, ile musique inapata courant wapi?"

"Tulivuta tu kawaya kadogo kutoka ku moulin. Tunakupokea na furaha!"

Kinu kilikuwa ng'ambo ya pili ya shamba. Jana alipolikagua shamba kwa miguu, waya huo haukuwapo. Waya hauonekani kutoka angani, kwa hiyo akatafuta nguzo, akaziona: miti miwili mipya katikati ya mahindi, kimo kilekile ambacho angepitia. Walitaka kumpokea, kumbe wamemtegea.

"Siwezi shuka. Waya ikuwe chini kwanza, na bantu bote baende kule ku barabara."

"Mahindi itakufa, mwanangu!"

"Na mimi?"

Kisha akamwona Maman Brigitte, na unene wake wote, anatimua mbio kwenda kuzima umeme kinuni. Vijana wakang'oa miti, na umati ukahamia barabarani.

Bijou akashuka. Alipita mstari baada ya mstari, dawa ikitanda nyuma yake, na alipomaliza wa mwisho migomba ya kando ya barabara ndiyo kwanza inaanza kutikisika kwa upepo. Alipiga vigelegele peke yake ndani ya ndege. Viwavi wamekwisha, na yeye yu mzima!

Akapita juu kuwaaga. Spika zilikuwa zimezimwa, lakini barabarani watu walikuwa wanacheza vilevile, wakipiga mabidoni, madumu matupu ya maji, kama ngoma. Katikati yao Maman Brigitte, waya umeviringishwa begani, alikuwa ameinua redio juu kabisa ya vichwa vya watu. Safari hii Bijou alisikia. Walikuwa wanaimba jina lake.