Ndoo ya Maji ya Moto

Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha, na sipendi mtu anayechezea vipimo. Kwa siku nne nilikuwa Makambako na watu kumi na wawili wa kujitolea, nikiwafundisha kuzuia kipindupindu kambini. Sita tu ndio wangepanda gari la Jumamosi kwenda kwa waathirika wa maporomoko ya udongo huko milimani. Bertila, fundi cherehani wa Uwemba, alitaka kwenda kuliko wote. Kaka yake na watoto walikuwa kwenye mahema ya waathirika hao.

Siku ya mwisho tuliigiza kambi uwanjani. Bertila na Shedrack walipewa kila mmoja ndoo yake ya kunawia mikono, wakae nayo mlangoni mwa hema moja, kila anayeingia anawe kwanza. Upepo ulikuwa wa kukata masikio.

Saa nne nikapima klorini, ile dawa ya kuua vijidudu. Maji ya Shedrack yaligeuka ya waridi kwenye kichupa cha kupimia, kama inavyotakiwa. Ya Bertila hayakubadilika hata kidogo.

"Umetia vijiko vingapi?"

"Kama ulivyosema, mwalimu."

Nikachovya kidole. Ya moto!

"Nilitia dawa, ndipo nikayabandika jikoni," akasema. "Kwetu mgeni hapewi maji ya baridi anawe. Ni kama kumfukuza."

"Umeichemsha dawa yote ikapaa! Huo ukarimu wako ungeua watu." Nilisema kwa sauti, wenzake wakisikia, na nikaandika kwenye fomu: hakufaulu.

Machozi yalimlengalenga. Akauliza kwa adabu, "Samahani, mwalimu. Kwa Shedrack wamenawa wangapi?"

Nikafunua ndoo zote mbili. Ndoo ya Shedrack ilikuwa imejaa pomoni. Ya Bertila ilibaki robo. Shedrack akatazama viatu vyake.

"Na wewe, mwalimu, umenawa wapi?"

Tangu asubuhi nilikuwa nimeingia hemani mara tatu. Kwa Bertila niliona foleni ndefu. Kwa Shedrack niliona baridi. Nilikuwa sijanawa kokote, na niliona aibu ambayo sijaisahau.

"Pasha maji kwanza," nikamwambia Bertila. "Yakiwa vuguvugu ndipo utie dawa, na upime kila saa. Jumamosi gari linaondoka saa kumi na mbili."

Nikafuta nilichoandika. Kisha nikaenda kwenye ndoo ya Shedrack, wote wakinitazama, nikakunja mikono ya koti na kunawa. Vidole viliuma mpaka nikauma meno.