Lita Nne na Robo

Mpima ardhi aliijenga ile kompyuta kwa ajili ya binti yake. Hivyo ndivyo alivyomwambia mkewe, majirani, wenzake wa ofisi ya ramani, na yeyote aliyefanya kosa la kumuuliza habari za nyumbani. Binti alikuwa amepata kazi ng'ambo, mkataba wa miaka mitatu usio na ruhusa ya kurudi katikati, na kabla ya kuondoka angekuja kukaa na wazazi wake siku tisa.

"Wewe njoo tu, mama," baba mtu alimwambia kwenye simu. "Tutashindana magari kama zamani, mpaka wewe mwenyewe useme basi."

Zamani hiyo ilikuwa ya binti akiwa darasa la tatu. Walikuwa na kompyuta kuukuu iliyounguruma kama mashine ya kusaga, na mbele yake kiti kimoja, kila mtu kakalia nusu. Binti alimshinda baba yake kila jioni, na kila jioni baba alisingizia breki. Alipokwenda chuo kile kiti kikabaki na mtu mmoja, na mpima ardhi, ambaye si mtu wa kulialia, aliikosa ile hali kuliko alivyoweza kumweleza mtu.

Angenunua kompyuta ya kawaida, hadithi hii isingekuwepo. Wangecheza, wangecheka, binti angepanda ndege yake. Shida ni kwamba alijiunga na kundi.

Lilikuwa kundi la kwenye simu, wanaume wazima mia mbili na ushee wenye wake na vitambi, waliojitolea maisha yao kuunda kompyuta za gemu ndogo kupita kiasi na zenye nguvu kupita kiasi. Udogo wenyewe waliupima kwa lita, kama maziwa. Mwenye lita kumi alionekana mshamba. Mwenye lita saba alijibiwa salamu. Aliyeshuka chini ya tano aliitwa Mheshimiwa. Juu yao wote alikaa mtu aliyejiita Profesa Feni. Hakuna aliyewahi kumwona sura, wala aliyejua kama shule alimaliza, lakini akisema feni igeuzwe, feni mia mbili ziligeuzwa siku hiyo hiyo.

Kasha la mpima ardhi lilikuwa la lita nne na robo. Mkate mmoja tu ungelijaza. Yeye aliingiza ubao mkuu, prosesa, kadi ya picha na feni tatu, nyaya akizipenyeza kwa kibano cha mkewe cha kunyofolea nyusi. Kisha, kwa kuwa kundini kompyuta inayokwenda mwendo wake wa kiwandani ni aibu, akaanza kuipandisha kasi. Fani yenyewe haina siri kubwa: unailazimisha prosesa ikimbie kuliko walioitengeneza walivyokusudia, inapata joto, na ikizidi joto inazima. Ndani ya lita nne na robo joto halina pa kwenda. Mengine yote ni mbwembwe.

Binti aliwasili Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mama, karibu, karibu sana. Pita huku. Hiyo usiiguse, ipo kwenye jaribio."

Alimkumbatia kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa na bisibisi. Binti aliinama akakitazama kile kikasha kilichokuwa kinavuma juu ya meza, akasema ni kizuri, na baba akavimba kichwa.

"Tunacheza leo?"

"Leo leo! Nipe nusu saa. Inagonga nyuzi tisini na mbili, nataka ishuke themanini na tano."

Nusu saa hiyo iliisha Jumatatu.

Jumatatu Profesa Feni aliagiza feni ya juu inyonye hewa badala ya kuitoa. Mpima ardhi alifungua kasha, akatoa kila kitu, akafuta grisi ya kupozea, akapaka mpya, akageuza feni, akarudisha kila kitu. Nyuzi zikawa tisini na tano. Alipouliza, Profesa alimjibu, "Nani kakwambia uigeuze?"

Mapazia ya sebuleni yalifungwa mchana kutwa ili jua lisiongeze joto. Familia ikawa inakula chakula cha mchana kwa kupapasa. Jumanne ikapigwa marufuku pasi, kwa sababu ikiwashwa umeme unayumba na majaribio yanaharibika, na mama mwenye nyumba, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule nzima, akaenda kazini na gauni lenye makunyanzi. Alijikaza hadi Jumatano, alipoingia chumbani kwa binti akakuta feni kubwa ya kusimama haipo. Ilikuwa sebuleni, imeelekezwa mezani.

"Baba wewe," alisema, kwa ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha watoto mia sita. "Mtoto ametoka safari analala kwa jasho, na sanduku linapepewa?"

"Ni kwa ajili yake mwenyewe, mke wangu."

"Kwa ajili yake! Umekaa naye wapi tangu aje? Umemuuliza hata hiyo kazi anayoendea ni ya nini?"

Mpima ardhi alijua ni ya hospitali. Au ya maabara ya hospitali. Aliahidi moyoni kuuliza vizuri, baada ya jaribio.

Ijumaa binti alivuta kigoda akakaa karibu na baba yake, miguu ameikunja kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Baba, iache hivyo hivyo. Hata ikiwa inajikokota. Mimi nitakushinda tu."

Mzee alicheka. Alimtazama binti yake, mtu mzima sasa, na akaona wazi kabisa kwamba siku zilizobaki ni mbili. Aliiweka bisibisi chini. Kweli aliiweka. Hapo simu ikalia: mwanakundi mmoja, muuza matairi, ametangaza nyuzi themanini na sita kwa lita nne kamili, na watu wanampongeza kwa vikatuni vya makofi na moto.

"Kesho, mama," alisema mpima ardhi, na mkono ukairudia bisibisi. "Kesho asubuhi na mapema."

Binti alirudisha kigoda, akaenda jikoni kumenya vitunguu na mama yake. Kicheko chao kilisikika hadi sebuleni, na mpima ardhi alisogeza mlango kwa mguu ili asikie feni vizuri.

Siku ya tisa, Jumapili, gari la kwenda uwanja wa ndege liliagizwa saa nane mchana. Saa saba kasorobo nyuzi zilisoma themanini na nne. Alirudia jaribio, themanini na nne. Alipiga picha akaituma kundini, na Profesa Feni, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, akaandika neno moja: Mheshimiwa.

"Tayari!" mpima ardhi alipaza sauti. "Mama! Njoo! Tayari!"

Binti aliliacha begi wazi akaja mbio, meno yote nje. Baba alikuwa ameweka viti viwili na pedi mbili mpya za kuchezea, bado ziko kwenye nailoni. Walikaa. Binti alikunja mikono ya blauzi.

"Haya, fungua."

Mpima ardhi alitazama skrini. Ilikuwa na programu ya kupima joto, ya kupima kasi, ya kupima feni, ya kupima umeme, na nyingine ya kuhakiki vipimo vya hizo nne. Alizitazama zote.

"Gemu iko wapi, baba?"

Haikuwepo. Kwa miezi minne alikuwa ameijenga, ameibomoa na kuijenga tena, na hakuwahi kuweka ndani yake gemu hata moja. Alibofya huku na huku, akaipata ile ya magari mtandaoni, akaagiza ishushwe. Mtandao haukuwa na habari na prosesa yake. Skrini ikaandika: zimebaki saa mbili na dakika kumi na nne.

Binti alianza kucheka. Alicheka akajishika mbavu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Siku tisa nipo chumba cha pili," alisema. "Nakusikia tu unavyobembeleza feni."

"Nisamehe, mama. Nilitaka iwe nzuri."

"Mimi nilitaka kukushinda tu."

Walikaa wakiangalia asilimia inavyopanda. Baba alimuuliza kuhusu kazi, naye akamweleza: ni maabara, atakuwa anapima damu za watoto wachanga, na anaogopa kidogo. Mpima ardhi alikuwa na maswali mengine ishirini. Ilipofika asilimia thelathini na moja, honi ikalia nje.

Jioni, alipotoka kumsindikiza binti, alimkuta mkewe amefungua mapazia yote na sasa anapiga pasi bila kumtazama. Simu ilikuwa na jumbe hamsini na tatu za kundi. Aliilaza kifudifudi, akaketi mbele ya kompyuta, ambako gemu ilikuwa imeshashuka, akaichana nailoni ya pedi moja, akabonyeza. Gari lake jekundu lilitokea likasimama kwenye mstari wa kuanzia. Pembeni yake palikuwa patupu, na maandishi yakimwomba mchezaji wa pili abonyeze kitufe chochote.

Alisubiri mpaka mkewe akamaliza nguo zote. Kompyuta haikupata joto hata kidogo.