Siku ya Kuchonga Ufunguo wa Baba

Fundi wa funguo alipopiga hodi, Kitinda alikuwa ameinama ndani ya kabati la mapazia, akikung'uta pazia moja baada ya jingine. Ufunguo wa gari la Baba haukuwemo. Alijua haumo, maana aliyakung'uta jana na juzi pia, lakini mikono yake ilikuwa haijakubali.

Aliyeuficha humo ni yeye mwenyewe. Baba yake alikuwa amekwaruza nguzo ya geti kwa ubavu mzima wa gari, akashuka, akaingia ndani na kuomba chai kana kwamba hakuna kilichotokea. Wiki ile ile akampita Kitinda barabarani, mtoto anampungia mkono, baba huyo anakwenda zake. Binti mwingine angesema. Yeye kusema kulimshinda tangu shule, alikokuwa akijua majibu na kuyameza. Basi akautoa ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, akaukunja ndani ya pazia la bluu, akaondoka kwa kunyata kama mwizi. Bora Baba akasirike kuliko agonge mtu.

Kesho yake pazia likawa tupu.

Amuulize nani? Kuuliza kungekuwa kujitaja. Na kabla hajajua la kufanya, Baba akatangaza mezani, "Nimepoteza ufunguo wa gari. Umenidondoka huko njiani." Kitinda akabaki na kijiko hewani. Baba hakupoteza kitu. Sasa anajisingizia kwa nini?

Tangu hapo Baba akawa mtu wa barazani, kimya, gazeti limekunjwa magotini. Mama akamtazama siku kadhaa, akaamua kwamba mumewe ananyong'onyea kwa kukosa gari. Akatafuta fundi bila kumwambia mtu. Ndiye huyu sasa, mnene na mchangamfu, baiskeli ameiegemeza ukutani, sanduku la bati mkononi.

"Hodi wenyewe! Mgonjwa yuko wapi?"

Baba akashtuka kitini. "Mgonjwa gani?"

"Gari, mzee. Nimeambiwa halijitambui."

Mama alicheka. Baba hakucheka. "Nani amekuita?"

"Mimi," Mama akasema. "Nakupa zawadi, usinikunjie uso."

"Hakukuwa na haraka, mke wangu."

"Hakukuwa na haraka? Wewe, ambaye gari lisipooshwa unaumwa kichwa?"

Kitinda, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kwa nini Baba hafurahi? Na kama si Mama aliyeuchukua ufunguo kwenye pazia, ni nani?

Fundi akafungua mlango wa gari kwa waya, akachomoa kitasa chake na kukitazama ndani kwa jicho moja, kisha akachonga ufunguo kwa tupa huku akiimba puani. Alipokirudisha kitasa na kuujaribu, ufunguo ukafungua na kufunga bila shida. Mama akapiga makofi. Fundi akaingia ndani, akauchomeka kwenye swichi ya kuwashia. Ukaingia vizuri. Kuzunguka, ukakataa.

"Mbona hivi?" Fundi akakuna kichwa. "Magari ya umri huu, ufunguo wa mlango ndio huo huo wa kuwashia. Mzee, swichi hii iliwahi kubadilishwa?"

"Sidhani," Baba akasema, akitazama ndara zake.

"Hudhani nini?" Mama akadakia. "Si ulifungiwa swichi ya gari jingine, safari ile tuliyolala njiani na huyu mtoto mgongoni kwangu?"

"Labda."

"Mama," fundi akasema, "kumbe mwenye gari ni wewe."

Kitinda ndiyo kwanza akavurugika kabisa. Baba alilijua gari hili kama mtu anavyojua meno yake. Pancha za miaka hiyo alikuwa akizisimulia moja moja, mahali na hali ya hewa. Leo amesahau swichi?

"Dada, njoo unishikie tochi," fundi akamwita.

Akaenda. Fundi alijilaza chini ya usukani, akachomeka ufunguo ambao haujachongwa, akaukaza, akautoa, akatafuta alama ndogo zilizoachwa na swichi, akapiga tupa pale penye alama, akaurudisha. Kitinda alitamani ufunguo ushindikane. Papo hapo alimwona Mama anavyonyoosha shingo kwa matumaini, akajiona mtoto mbaya.

"Dada, mimi niko huku chini. Huko juu unamulika popo?"

"Samahani." Akaishusha tochi.

Swichi ikasema *kra*, ikazunguka. Gari likakohoa, likaunguruma. Fundi akalizima na kutoka, shati lote limemganda mgongoni.

"Sasa nina sharti langu moja," akasema. "Kuna funguo zinawasha gari likiwa limesimama, likitikisika kidogo tu zinazima. Kwa hiyo siondoki mpaka mwenye gari alitoe nje ya geti na kulirudisha, mimi nikiona."

"Nimekuamini," Baba akasema.

"Mzee, mimi sijajiamini."

"Nenda basi, Baba watoto!" Mama alikwishakaa kiti cha mbele na mtandio wake. "Tufike hadi kwenye kona, watu watuone."

Baba akaenda kwenye gari polepole, mkono wake ukipapasa ubavu wa gari hadi ukapata mlango. Fundi akakimbia kufungua geti. Huko nje watu walikuwa wakipita, mwanamke na ndoo, wanafunzi wa shule wakisukumana. Kitinda akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, haikutoka. Miguu ndiyo iliyomtii. Akatembea mpaka mbele ya gari, akasimama katikati, hatua chache kutoka kwenye boneti, jua likimpiga usoni.

Gari likawaka. Likajongea kidogo. Kitinda hakuondoka.

Likasimama.

"Ni nini kile pale mbele?" sauti ya Baba ikatoka dirishani. "Nani ameweka pipa njiani?"

Mama akacheka. Kisha akageuka kumtazama mumewe, na kicheko kikakatika.

"Baba watoto," akasema taratibu. "Yule ni mwanao."

Mama akanyoosha mkono, akazima gari.

"Limezima!" Fundi akarudi mbio kutoka getini. "Nilijua! Si nilisema?"

"Ufunguo wako mzima, fundi. Tulia."

Baba akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa ufunguo wa zamani na kuuweka juu ya dashibodi.

"Mzee!" Fundi akashika kiuno. "Nimelala chini ya usukani asubuhi nzima, shingo imepinda, ufunguo unao mfukoni?"

"Ulikuwa kwenye mapazia," Baba akasema. "Nilimsikia mtoto akifungua kabati. Masikio bado ninayo. Nikawaza, kama huyu asiyesema kitu ameona, basi kweli siwezi tena kuendesha. Nikauchukua, nikasema nimepoteza, ili asije akaitwa mwizi. Nikadhani yataisha hivyo."

"Tangu lini huoni?"

"Naona. Naona kama kupitia kioo cha bafuni."

Mama akajifuta uso kwa mtandio, hajui akasirike au alie, akafanya vyote viwili. "Yaani nyumba nzima mnajua, isipokuwa mimi. Mimi ndiye ninayemletea fundi! Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho, na usiniambie hakuna haraka. Fundi, turudishie gari mahali pake."

Fundi akakohoa. "Mama, mimi najua funguo. Kuendesha sijui."

Wakatazamana. Gari lilikuwa limeziba njia, na wa kulirudisha hakuna. Mwisho wake Baba akabaki kwenye usukani, Mama, fundi na Kitinda wakaenda mbele kulisukuma kinyumenyume. Kitinda aliegemeza viganja kwenye boneti, uso wake na wa baba yake zikaelekeana kwenye kioo. Hakujua kama amemwokoa au amemwaibisha. Alitaka kusema pole, alitaka kusema ahsante. Gari likaanza kuelekea kwenye vyungu vya maua vya Mama.

"Nielekeze!" Baba akaita. "Mimi nyuma sioni kabisa!"

"Kushoto, Baba!" Sauti ikamtoka kubwa hata fundi akageuka. "Kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako! Hapana, ngoja, kwangu! Baba, simama!"

Baba akakanyaga breki. Akatoa kichwa dirishani, akasubiri aambiwe.