Sabuni kwenye Ubao wa Jibini

Mkwe wangu alikula sabuni mbele ya macho yangu. Aliitafuna, akaimeza, kisha akaisifu.

Niseme kwanza tulikuwa wapi. Ilikuwa Jumapili asubuhi, kwenye bustani iliyo nyuma ya maktaba, tumetandika shuka langu la maua juu ya majani. Tulikuwa watu wanne: mimi, binti yangu, mume wake, na yule mama mwenye duka anapofanya kazi mkwe wangu. Huyo sote tunamwita Bosi, na mwenyewe anapenda. Duka lake ni la vyakula vya zawadi. Mtu akitaka kumpongeza dada yake aliyejifungua, au kumshukuru mwalimu wa mtoto, huenda pale akafungiwa kikapu: jibini, asali, chokoleti, matunda makavu, na biskuti nyembamba zinazovunjika ukizitazama tu. Kazi ya mkwe wangu ni kuonja na kusema kipi kinaenda na kipi. Ndiye aliyewafundisha wateja kula jibini kali pamoja na peasi, na kunyunyiza chumvi kidogo kwenye chokoleti nyeusi. Wakampa jina la Ulimi, likamganda. Hata mimi namwita hivyo nikitaka kumtania.

Siku hiyo hatukwenda kula tu. Bosi alikuwa anafungua duka la pili, na alitaka liitwe Duka la Ulimi, mkwe wangu awe msimamizi wake. Fundi wa mabango alikuwa anasubiri simu tu. Lakini kwanza Bosi alitaka vitu vya vikapu vipya vionjwe nje, juani, "kama wateja wanavyokula, siyo kama sisi tunavyosimama nyuma ya kaunta." Wiki nzima binti yangu hakuwa na usingizi. Nikadhani ni furaha.

Nyumbani kwao wana desturi moja. Hakuna anayegusa kilichopo kwenye ubao kabla ya Ulimi. Yeye hukata, hupanga, huonja, halafu hutamka. Na kabla hajatamka, binti yangu hudokoa kidogo, akapita nyuma yake na kumnong'oneza jambo sikioni. Niliwaona hivyo mara nyingi tangu baridi ilipokwisha, na kila mara nikageuza uso. Nilijisemea, hawa bado wanapendana, Mungu awazidishie.

Basi tulianza vizuri. Jibini laini na zabibu: mnong'ono, kisha Ulimi akasema, "Hii inataka kitu kichachu, la sivyo inalala mdomoni." Chokoleti na tini: mnong'ono, kisha akasema, "Hapana, hawa wawili wanagombana." Bosi alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha.

"Unaona, Mama?" akaniambia. "Mkweo huyu ningemweka kwenye kabati la vioo nikamfungia."

"Umfungie," nikasema, "lakini usiku umrudishe. Anakoroma, utamchoka."

Wakacheka. Simu ya Bosi ikalia, akainuka na viatu vyake mkononi. "Mama, hicho kikapu kidogo ni zawadi yako. Fungueni, msinisubiri." Akaenda kuongea kando ya ua. Binti yangu naye alikuwa amekwenda kwenye gari kuchukua chupa ya chai na vikombe.

Ulimi akanifungulia kikapu changu. Ndani mlikuwa na vifurushi vitatu, vyote vimefungwa kwa karatasi moja ya hudhurungi na kamba moja. Cha kwanza biskuti, cha pili kichupa cha asali. Cha tatu kilikuwa kipande kizito cha rangi ya maziwa, kimepambwa kwa vipande vya lozi. Ulimi akakiweka kwenye ubao kati ya jibini na asali, akachukua kisu. Alikata vipande vinne vilivyolingana kama vimepimwa. Mkono wake ni mzuri sana kwa kukata.

Nilisikia harufu ya sabuni. Nikanusa viganja vyangu, maana nilikuwa nimenawa kabla ya kutoka. Nikanusa tena, safari hii upande wa ubao. Kabla sijafungua mdomo, Ulimi alikuwa ameshaweka kipande juu ya biskuti, akakidondoshea asali, akakitia kinywani.

Aliangalia kushoto, kule lilikoegeshwa gari. Binti yangu hakuwa ameonekana bado. Bosi ndiye aliyekuwa anarudi, simu mfukoni, anafuta mikono tayari kwa kula.

"Haya, Ulimi, niambie."

"Hii," akasema, akatafuna tena. "Hii ina mafuta mazuri, Bosi. Haina haraka. Inayeyuka polepole, halafu utamu unakuja nyuma." Akameza. "Ningeiweka na peasi."

Kwenye kona ya mdomo wake palitokeza povu dogo.

Nimeishi miaka mingi. Nimezika mume, nimeunguliwa na jiko, lakini sijawahi kupigwa na butwaa kama lile. Sikuelewa kitu. Nilichoelewa ni kwamba mtu huyu aliyenitunza nilipovunjika nyonga, aliyekuwa ananimenyea machungwa na kutoa kila mbegu, yumo hatarini, na Bosi ameshanyoosha shingo kuuliza, "Ipi hiyo?"

Nikachukua kipande, nikakitia kinywani.

"Kweli, baba," nikasema. "Tamu."

Sitaeleza sana ladha yake. Ilinipanda puani, ikanishuka kooni kama kamba yenye mafundo. Macho yakanitoka machozi nikasingizia jua. Wakati huo binti yangu akafika, chupa ya chai mkononi. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akatazama ubao. Sijawahi kuona uso wa mtu unabadilika hivyo. Akaweka chupa chini taratibu, akapiga magoti kwenye shuka, akachukua kipande cha tatu.

"Nzuri sana," akasema, akakimeza bila kutafuna.

"Mbona mnanimalizia?" Bosi akasema, akachukua cha mwisho, akakiuma.

Akakitema mbali, kikafika kwenye njia ya watu. "Sabuni! Hii ni sabuni! Ni ya dada yangu, anaitengeneza kwa maziwa ya mbuzi. Nimekuwekea ya kuogea, Mama, siyo ya kula!" Kisha kicheko kikamshika, akajishika mbavu. "Mmekula sabuni familia nzima! Na Mama, Mama umejikaza kisabuni kwelikweli!"

Nilitaka kucheka naye ili jambo liishe. Tungesema ni utani, tungesema tulimtega. Lakini Ulimi alikuwa ameinama, anautazama ubao. Akagusa jibini kwa kidole, akagusa chokoleti, akagusa makombo.

"Ipi?" akauliza. "Ipi ndiyo sabuni?"

Alikuwa anauliza kweli, kwa sauti ya mgeni anayeuliza njia. Kicheko cha Bosi kikakatika.

Binti yangu akafunika uso. "Ni tangu yale mafua," akasema. "Yalipoondoka yaliondoka na vyote. Daktari alisema huenda vikarudi. Tunasubiri."

"Vyote nini?"

"Harufu. Ladha," akasema Ulimi. "Kahawa ni maji ya moto, Bosi. Chungwa ni maji baridi. Juzi maziwa yaliungua jikoni nimesimama pembeni yake, nikashtuliwa na moshi."

Nilikaa nao meza moja tangu baridi ilipokwisha. Nilimpikia mtu huyu, akaniambia, "Mama, leo umejishinda," nami nikajivuna. Yote hayo alikuwa ananisitiri mimi na mapishi yangu, naye kinywani hana kitu.

Bosi aliketi kama mtu aliyevutwa chini. "Asali na ile jibini ya moshi," akasema. "Nani alichagua?"

Ulimi akamwonyesha mkewe kwa kidevu. "Huyu."

"Chokoleti ya tangawizi?"

"Huyu."

"Vikapu vya harusi?"

"Vyote huyu, nikimletea nyumbani. Mimi nilikuwa mdomo tu."

"Na wateja wangu," sauti ya Bosi ikapanda, "wanakuja, wanakuuliza wewe, wananunua kwa neno lako! Nimekuuza kwa watu! Nimeapa kwamba huyu hakosei!" Akainuka, akaondoka peku, akavuka nyasi mpaka kule mwisho penye bomba. Nikajua amekwenda, na kazi ya mkwe wangu imekwenda naye. Binti yangu alilia bila sauti. Ulimi alikuwa anafuta kisu kwa kitambaa, anafuta tu, nacho kimeshakuwa safi.

Bosi akarudi na kikombe cha maji. Akanipa mimi. "Sukutua, Mama," akasema, bado amekunja uso. Alingoja mpaka nikamaliza, akapokea kikombe, akampa binti yangu kilichobaki. Katika hasira zake zote alikumbuka koo la mzee. Sitalisahau hilo.

Kisha akamgeukia Ulimi. "Jina lako haliendi kwenye bango."

"Sawa, Bosi."

"Usiniambie sawa. Nililipenda lile jina." Akamgeukia binti yangu. "Na wewe, utakuja kuonja? Kwa jina lako mwenyewe, mshahara wako mwenyewe?"

"Mimi sikuwa naitafuta kazi yake," akasema binti yangu. "Nilikuwa namshikia tu mpaka apone."

"Nisipopona je?" akasema Ulimi. "Shika moja kwa moja, mke wangu. Mimi nitakata. Mikono haikuugua."

"Utakata," akasema Bosi, "na mteja akikuuliza ladha, utamwambia hujui, umwite huyu. Uongo mmoja tu na ninakufukuza, hata kama mama mkweo atakula ndoo nzima ya sabuni."

"Siwezi tena," nikasema.

Bosi akatoa simu, akampigia fundi wa mabango. Tuliisikia sauti ya fundi, maana alikuwa anapiga kelele juu ya ngazi. Hakusubiri, akasema. Ameshapaka Duka la, ameshapaka herufi tatu za Ulimi, rangi nyekundu, inang'aa ajabu. Bosi akafumba macho. Mkono wake wenye simu ukashuka.

Ulimi akaichukua simu kutoka mkononi mwa Bosi, polepole, kwa adabu.

"Fundi," akasema, "ni mimi mwenyewe. Zifute."

Akamrudishia Bosi simu. Halafu akashika kisu, akaanza kumenya peasi, na binti yangu akasogea, akaegemea bega lake.